Mdogo Wangu, Namba Zina Kwao

Safari hii wenye kesi za mapenzi na za mama mkwe mnisubiri kidogo, maana foleni imejaa watu wa kompyuta. Mnaniuliza kutoka Voi mjini, Mwatate, Wundanyi, mpaka Taveta kule mpakani, kila mmoja kwa maneno yake, ila kilio ni kimoja: "Dada, mteja kaniletea orodha kwenye Excel, anataka iingie kwenye kijitabu. Nikiiingiza inavurugika. Nikiichapa upya kwa mkono nakesha. Nifanyeje?"

Kazi hizo nazijua. Ni ripoti ya mkutano mkuu wa mwaka wa sacco, orodha ya michango ya harambee, matokeo ya shule, hesabu za chama cha kina mama, uzito wa mawe ya wachimba vito wa Kasigau. Msimu ukifika zote zinatakiwa wiki moja, na mwenye kompyuta ni wewe peke yako.

Jibu langu nalitoa mapema, ili hata ukiitwa dukani katikati ya kusoma uwe umeshalipata: namba zirekebishwe kwenye Excel peke yake, na ukurasani zivishwe tu. Ukizichanganya kazi hizo mbili, ukaanza kugusa namba huku na huku, hakuna programu itakayokuokoa, iwe ya bure au ya kulipia kila mwezi.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti ya Taita Taveta. Voi ilikuwa na 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na kaunti ndogo ya Taita, yaani upande wa Wundanyi, 55,959. Ziandike kwenye Excel, mistari minne, na chini yake weka fomula ya jumla. Utapata ile 340,671. Sasa lilete jedwali hilo kwenye InDesign, ile programu ya kupanga kurasa. Linafika salama na jumla ipo. Ila fomula haikuja nalo. Zilizofika ni tarakimu tupu, sawa na kama ungezichapa kwa kidole. Ukigusa namba ya Mwatate hapo ukurasani, jumla inabaki vilevile, inakutazama.

Sensa hakuna wa kuibadilisha. Lakini kwenye ripoti ya sacco, mweka hazina atapiga simu saa tatu usiku: "Hebu nirekebishie mstari wa kumi na mbili tu." Nawe unarekebisha mstari wa kumi na mbili tu. Siku ya mkutano anasimama mwalimu mstaafu wa hesabu, na huyo hakosekani mkutano wowote Taita, ana kikokotoo mkononi na miwani puani. Anajumlisha safu nzima mbele ya wanachama. Haitoki sawa. Hapo nakuhakikishia hatatafutwa mweka hazina. Atatafutwa aliyechapa.

Kwa hiyo akipiga simu, mjibu kwa heshima: "Sawa mzee, rekebisha kwenye faili lako kisha unitumie tena." Akisema hajui, lifungue wewe, badilisha humo humo, fomula ifanye kazi yake, umrudishie alithibitishe. Halafu ndipo uingize upya.

Sasa tuje kwenye uchafu. Wengi wenu mnailaumu InDesign kwa uchafu uliotoka nyumbani kwa mteja. Faili likifika, hifadhi nakala yake ya asili mahali usipopagusa, ufanye kazi kwenye nakala nyingine. Fungua hiyo nakala uitazame bila haya. Zile seli zilizounganishwa kwa Merge & Center ili kichwa kikae katikati, zitenganishe; zikifika ukurasani hivyo ndizo zinazosukuma safu zote upande. Mistari mitupu aliyoiweka kwa urembo, ifute. "Ksh" iliyoandikwa kwenye kila seli, itoe, uiandike mara moja tu kichwani mwa safu. Nafasi zilizobaki nyuma ya majina, zifute pia, maana "Kaloleni" na "Kaloleni" yenye nafasi nyuma yake kwa kompyuta ni mahali pawili. Na umuulize mteja maana ya seli tupu. Sifuri ni mtu ambaye hakuchanga. Kistari ni mtu asiyehusika na mchango huo. Seli tupu inaweza kuwa lolote kati ya hayo, au mtu alisahau tu kuandika, na wewe huna ruhusa ya kukisia.

Halafu kuna ujuaji wa Excel, ambao ndio unaonikera kuliko yote. Mtu ana orodha ya mashamba ya wanachama, kaandika 1/2 kwa nusu ekari. Excel inaona tarehe. Itakugeuzia iwe Februari 1 au Januari 2, kutegemea mashine imepangwa kwa mtindo wa Uingereza au wa Marekani. Matokeo ya mpira yakiwa 2-1, hayo nayo yanageuka tarehe. Namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake ya mbele. Na msidhani haya ni mashaka ya watu wa saiba pekee. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na ndani yake jeni iliyoitwa SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizifanya Septemba na Machi kwenye majedwali ya watafiti. Wanasayansi wazima walishindwa wakabadilisha majina!

Wewe huna haja ya kufika huko. Kabla hujaandika chochote, teua safu nzima na uiambie kuwa ni maandishi, yaani Text. Nimesema kabla. Ikishageuka tarehe, ukija kuiambia ni Text inakutolea tarakimu tano usizozijua, kwa kuwa Excel huweka tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Na nusu ekari iandike 0.5 uishi kwa amani.

Haya, faili limetakata. Tuingize.

Mwenye InDesign, usiburute faili ukalidondosha ukurasani kwa haraka. Nenda File, kisha Place, chagua faili lako, na kabla ya kubofya Open weka tiki kwenye Show Import Options. Kuna dirisha litafunguka ambalo wengi hawajawahi kuliona. Hapo unachagua ukurasa gani wa Excel, na kuanzia seli ipi mpaka ipi. Kama ni orodha ya wadi za kaunti yetu, tunazo 20, ongeza mstari mmoja wa vichwa, basi eneo lako linaishia mstari wa 21. Liandike hivyo, usiache programu ijikisie. Chini yake utaulizwa jedwali lije vipi. Chagua Unformatted Table. Namba zinakuja bila nguo, na hapo hapo unaweza kuchagua staili ya jedwali uliyoitengeneza mapema zivalie njiani.

Najua kwa nini mnaipenda Formatted Table: inafanana na alichokiona mteja, mnadhani atafurahi. Inakuja na fonti zake, manjano yake ya kupigia mstari, mipaka minene upande mmoja na myembamba upande wa pili. Kisha unaketi saa nzima kuvua kimoja kimoja. Mteja hakukulipa umrudishie Excel yake ile ile kwenye karatasi.

Katika dirisha hilo hilo kuna kisanduku cha kuleta seli zilizofichwa. Kiache bila tiki, na bado usikiamini sana. Mweka hazina anapokutumia orodha ya michango, mara nyingi ameficha tu safu ya namba za vitambulisho, na nyingine ya simu, na nyingine ya madeni. Kuficha si kufuta. Ukiteua jedwali lote Excel ukanakili, safu zilizofichwa katikati zinaweza kukufuata mpaka ukurasani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Lakini hata sheria isingekuwepo, hutaki kuwa wewe uliyewatangazia watu wa Mbololo deni la jirani yao. Futa safu hizo kwenye nakala yako ya kazi kabla ya kuingiza chochote.

Sasa lile swali zito, la yule wa Wundanyi aliyeuliza kama jedwali linaweza kubaki limeunganishwa na Excel lijirekebishe lenyewe. Linaweza, mdogo wangu. Kwenye mapendeleo ya InDesign, sehemu ya File Handling, kuna kisanduku cha kutengeneza viungo kwa maandishi na Excel. Kiwekee tiki kabla ya kuingiza. Tangu hapo, mweka hazina akibadilisha faili, paneli ya Links itakuonya, unabofya mara moja na namba zote zinabadilika.

Ukisikia hivyo unataka kuruka kwa furaha. Tulia kwanza. Siku utakayobofya kusasisha, kila ulichokifanya kwa mkono kwenye jedwali hilo kinaondoka: upana wa safu uliouvuta, rangi uliyoitia kwenye mstari wa jumla, jina refu ulilolikata mara mbili likae vizuri. Jedwali linaletwa upya. Ndiyo maana nikakuambia utumie staili ya jedwali na za seli. Kilicho kwenye staili ni rahisi kukirudisha, na kilichofanywa kwa mkono utakianza mwanzo. Kwa ripoti ambayo hesabu zake zinabadilika kila siku mpaka dakika ya mwisho, kiungo kinafaa, ila uwe na nidhamu ya staili. Kwa kijitabu cha mara moja, mimi sikishauri.

Ninayoipenda mimi ni njia ya tatu. Tengeneza jedwali lako vizuri mara moja, lipendeze. Kwenye mapendeleo, sehemu ya Clipboard Handling, hakikisha kubandika kumewekwa Text Only. Namba mpya zikija, zinakili kutoka Excel, nenda ukurasani, teua seli zile zile kwa idadi ile ile, ubandike. Namba zinaingia, nguo zinabaki mwilini. Sharti ni idadi ilingane. Kama sacco imepata wanachama wawili wapya, ongeza mistari miwili kwanza.

Wewe unayeniambia huna hela ya InDesign, nakuelewa. (Na wewe unayeitumia bila kuilipia, sikuulizi uliitoa wapi, ila usishangae ikigoma usiku wa kuamkia mkutano.) Scribus ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani, na kwenye menyu yake ya Script kuna skripti ya kugeuza faili la CSV kuwa jedwali. CSV ni yale maandishi matupu ambayo seli zake hutenganishwa kwa koma. Hapo ndipo pa kuangalia: 12,500 iliyoandikwa na koma ya elfu inaweza kupasuka ikawa 12 kwenye seli moja na 500 kwenye ya pili. Ondoa koma za elfu kabla ya kuhifadhi, uzirudishe baadaye. Au hifadhi kwa kutenganisha na tabo kama programu yako inakubali.

Wa Publisher, kuna habari ambayo hamtaipenda. Microsoft ilitangaza kwamba msaada wake kwa Publisher unakoma Oktoba 2026. Wachapaji wengi mna kabati zima la kazi za Publisher, za miaka na miaka. Zile ambazo wateja hurudi kuzitaka, zihifadhi pia kama PDF, na zile unazotumia kama kiolezo zihamishie programu nyingine mapema, bila haraka, kazi moja kila ukipata nafasi.

Na wanaopiga picha skrini ya Excel kwa simu, wakaitia ukurasani kama jedwali! Sina la kuwaambia. Mtu akisoma kwenye karatasi ataona ukungu, na namba 3 haitatofautiana na 8.

Jedwali likishakuwa ukurasani, kazi ya kuvisha ndiyo inaanza, na hapa wengi mnapamba kabla ya kupanga. Anza na mpangilio wa tarakimu. Sensa ile ile ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuhesabu huntha peke yao. Taita Taveta ilikuwa na wanaume 173,337, wanawake 167,327, na huntha 7. Ziweke namba hizo tatu kwenye safu moja, uzisukume zote kushoto. Ile 7 inakaa chini ya 1 ya laki moja, na jicho linaisoma kama laki saba. Zisukume kulia, na 7 inakaa chini ya 7 wenzake, mahali pa mamoja, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Majina kushoto, namba kulia. Usiziweke katikati kwa sababu eti panapendeza.

Watu wa vito mna shida yenu ya ziada, nukta. Mmoja ana gramu 0.35 za tsavorite, mwingine 12.4, mwingine 3. Hata zikisukumwa kulia hazipangiki. Ama andikeni zote kwa idadi moja ya tarakimu baada ya nukta, 0.35, 12.40, 3.00, ama tumieni tabo ya desimali ili nukta zisimame mstari mmoja. Mimi huchagua la kwanza kwa sababu ni la kufanywa kwenye Excel, kwa mwenye mzani. Halafu kichwani mwa safu andikeni wazi kama ni gramu au karati. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo anayekosea kichwa anakosea mara tano, na kwenye jiwe hiyo ni pesa ya watu kupelekana kwa chifu.

Majina ya wadi zetu yatakujaribu. Wumingu/Kishushe. Wusi/Kishamba. Wundanyi/Mbale. Ukiwa umeifanya safu nyembamba na urefu wa mstari umeufunga, jina halitoshi, na InDesign haipigi kelele. Inaweka kitone chekundu kidogo ndani ya seli na kulificha jina. Kwenye karatasi kitone hakitoki, jina pia halitoki. Basi urefu wa mistari uweke At Least, usiweke Exactly, na kabla ya kutoa PDF pitia jedwali lote ukitafuta vitone hivyo.

Orodha ikivuka ukurasa mmoja, vichwa vya safu viende nayo. Teua mstari wa kwanza, nenda Table, kisha Convert Rows, kisha To Header, navyo vitajirudia kila ukurasa. Usivinakili kwa mkono. Ukiongezwa mstari mmoja tu juu, vitashuka katikati ya majina.

Mapambo mengine siyasemei sana. Mistari myembamba ya kulala inatosha, ya kusimama mara nyingi haihitajiki, na kivuli hafifu kila mstari wa pili kinamsaidia mzee anayefuata jina lake kwa kidole. Zambarau ya nembo ya chama kwenye kila seli, hapana.

Kabla hujachapisha, hesabu mistari. Hiyo peke yake ingeiepusha Uingereza na aibu: Oktoba 2020 iligundulika kwamba visa 15,841 vya Covid havikuwa vimeingia kwenye hesabu za taifa, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani la Excel, XLS, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya kimya. Orodha yako ya harambee haitafika huko, lakini eneo la seli ulilosahau kulipanua linakata majina vilevile. Kama Excel ina wachangiaji 214, ukurasani wawe 214. Kisha jumlisha safu ya kilichochapwa, ulinganishe na jumla ya mteja. Mwisho kaa na mtu: mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye faili, mwingine ashike karatasi na kalamu. Joto la Voi saa nane mchana linalaza watu, kwa hiyo fanyeni asubuhi.

Swali la mwisho lilitoka Mwatate: unamtoza vipi mteja anayebadilisha namba mara kwa mara? Kubaliana naye siku ya kwanza, kwa ujumbe ulioandikwa, si kwa mdomo. Mpe marekebisho mawili ndani ya bei, na ya tatu ilipiwe kivyake. Weka saa ya mwisho ya kupokea faili, kwa mfano saa kumi jioni siku mbili kabla ya mkutano, na faili lije kama faili, si picha ya WhatsApp. Akikubali, mtumie PDF ya kuangalia, na jina la faili liwe na tarehe, ili siku akikwambia "mimi sikuandika hivyo" mfungue pamoja Excel aliyoituma yeye mwenyewe. Malipo ya nusu uchukue kabla ya kufungua InDesign, na nusu iliyobaki kabla ya vijitabu kutoka mlangoni.